Magunzi ya Mke, Dawa ya Mama Mkwe

Bunduki iligoma kulia. Ikalia Rafaeli alipoifungua.

Wadau, kisa hiki ni cha Tanga, miaka ya hamsini, kwenye shamba la mkonge upande wa Tongoni. Kaeni mkao wa kula, ila mjue humu hakuna malaika.

Rafaeli alikuwa mlinzi wa shamba. Kazi yake kupiga nguruwe pori waliokuwa wanafukua mahindi ya vibarua. Alipewa bunduki ya mitutu miwili, na risasi zake zilikuwa na maganda ya shaba ya manjano. Maganda yale hayakutupwa. Yakishapigwa yanasafishwa, yanatiwa fataki mpya ya kutoa cheche, baruti na punje za marisau, yanarudi kazini.

Kuyasafisha ilikuwa kazi ya mkewe, Bibiana.

Bibiana alikuwa binti wa fundi bunduki wa Lushoto. Alikuwa na kipipa chenye mpini. Anatia maganda, anatia magunzi ya mahindi yaliyotwangwa, anazungusha mpaka bega linauma. Maganda yanatoka safi, ila hayang'ai.

Hapo ndipo mama mkwe, Praxeda, alipopata pa kuingilia.

"Ndiyo usafi wenu wa Kilutheri huu? Mwanangu anabeba vitu kama vimetoka jikoni!"

"Mama, kinachotakiwa yawe safi tu. Kung'aa si lazima."

"Usinifundishe! Mimi nasugua vinara vya kanisa tangu hujaota meno."

Kesho yake akaja na chupa ya dawa ya vinara kutoka misheni, ile inayochoma pua kama mkojo uliolala. Akayamwaga magunzi yote uani, kuku wakayavamia. Akajaza pumba za mpunga, akamiminia dawa, akazungusha.

Maganda yakatoka yanawaka kama pete ya harusi.

"Mama, baba alinikataza dawa hiyo," Bibiana akasema. "Inaila shaba kwa ndani."

"Baba yako keshakufa. Mimi nipo."

Basi, vita ikaanza. Wakagawana maganda. Asubuhi kipipa ni cha huyu, jioni ni cha yule. Salamu zikafa. Bibiana akawa anatwanga magunzi kwa hasira, harakaharaka, hata kuyachekecha hachekechi, ilimradi mama mkwe asimtangulie.

Rafaeli akachoka. Akaamua kila mmoja apate chake: mtutu wa kulia risasi ya mama, mtutu wa kushoto risasi ya mke.

"Sasa mtanyamaza?"

Wapi!

Asubuhi moja nguruwe dume akatoka kwenye mahindi, kamkabili uso kwa uso. Rafaeli akapiga mtutu wa kushoto.

Tik. Kimya.

Nguruwe huyo anakuja. Kwa kiwewe, Rafaeli badala ya kupiga mtutu wa pili akaifungua bunduki atoe ile risasi iliyogoma.

Ikalipuka usoni pake.

Nguruwe akakimbia. Wenzake wakamkuta amekaa chini, damu inapita katikati ya vidole. Wakampakia kwenye lori la mkonge hadi hospitali, Tanga mjini.

Huko barazani ndiko kilikonuka.

"Magunzi yako yamemmaliza mwanangu, mwanaharamu wewe!" Praxeda akamrukia, akampokonya khanga ya mabegani.

"Ni dawa yako! Si nilikwambia inaila shaba? Si nilikwambia?"

Wakashikana. Muuguzi akawatenganisha kwa kuwamwagia maji ya ndoo.

Na katika kilio chake chote, Bibiana alikuwa anasikia kitu kama raha. Leo dunia nzima itajua ni nani alikuwa mkweli.

Akafika Hatibu, mkuu wa walinzi, na bunduki ya Rafaeli na mfuko wa risasi zake. Akaliweka ganda lililopasuka juu ya benchi.

"La nani hili?"

Halikuwa linang'aa. "Langu," Bibiana akasema.

Hatibu akachukua risasi nyingine kama hiyo, akaifungua, akamwaga baruti, akachungulia kitundu kinachopitisha cheche ya fataki. Punje ya gunzi ilikuwa imekwama humo.

"Cheche imechelewa kupita," akasema. "Ilipopita, bunduki ilishafunguliwa."

Praxeda akapiga kigelegele. Hospitalini! Mwanawe ndani anagugumia kwa maumivu!

"Nilisema! Nilisema mimi!"

"Ngoja, mama." Hatibu akatoa risasi iliyobaki kwenye mtutu wa kulia, ile inayowaka. Akaimwaga, akabana mdomo wa ganda kwa kidole gumba.

Likavunjika kama ganda la yai.

Kigelegele kikakatika.

"Angepiga na huu, usingeuona uso wake." Akawatazama wote wawili, maji yanawachuruzika. "Mlikuwa mnashindana nani amuue kwanza. Shemeji amewahi."

Rafaeli alipoteza jicho moja. Bunduki akapewa mtu mwingine.

Msidhani walipatana, hapana. Kila asubuhi mmoja alimwaga maji ya moto kwenye bakuli, mwingine akaosha kidonda. Rafaeli, kwa jicho lililobaki, alitazama ukuta.

Ndugu yangu, Bibiana alikuwa na haki kabisa kuhusu ile dawa. Haki hiyo haikumrudishia mumewe jicho. Siku ukiwa na ugomvi na mtu, kazi ya mkono wako ikague mara mbili, maana macho yako yote yatakuwa kwenye makosa yake.