Birika la Mbombo Limebaki Wazi

Asubuhi mapema, Henriette Kabemba anaweka birika juu ya kiti uani kwake, katika mtaa wa wachimbaji mjini Kolwezi. Anakaa mbele yake, kipande cha mfuko wa saruji kikiwa magotini. Macho yake yanang'ang'ania birika, na kalamu ya risasi inaanza kutembea polepole, bila kuinuliwa. Karatasi haitazami hata kidogo.

Kalamu inafuata mshikio, inazunguka tumbo, inapanda juu. Hapo anaitazama kazi yake na kusonya.

"Tena! Nimetia kifuniko."

Birika hilo halina kifuniko. Ni mwaka wa pili sasa.

Henriette hudarizi vitambaa vya meza. Tangu mgodi uanze kuporomoka na mshahara wa mumewe, Ngoy, uwe hadithi tu, sindano yake ndiyo inayoleta bukari nyumbani, huo ugali wao wa kila siku. Lakini kuchora hakujua. Aliyechora ni jirani yake, Mbombo: vikombe, mbabula, lile jiko la makaa, viatu vya mtoto, chochote kilichokuwa karibu. Alichora kwa mstari mmoja usiokatika, ili Henriette aufuate kwa uzi mmoja bila kupoteza uzi kwa kuukatakata.

"Alikuwaka ananiambia, 'Usiangalie karatasi, karatasi haina na birika. Macho itembee, mukono itaifwata,'" anasema, akicheka. "Mi nilikuwa namujibu, chora we, mi nitashona. Nilifikiri tutazeeka vile."

Hawakuzeeka hivyo. Mwaka 1993, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa mjini, Mbombo naye aliambiwa arudi kwao. Kwao wapi? Alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Mawe yalipoanza kuanguka juu ya bati, alifunga mizigo, akaenda na watoto wake kulala stesheni wakingoja treni.

Henriette aliwapikia bukari ya njiani. Sufuria yenyewe, ndogo, haikuwa na kifuniko, basi akachukua cha birika la Mbombo akaifunika. Treni iliondoka na kifuniko. Birika likabaki juu ya mbabula ya Henriette.

"Ni mi mwenyewe nilifunika," anasema, na macho yanajaa machozi. Ana hamu ya kumwona rafiki yake, wala hafichi.

Mwezi uliopita Odile, mchuuzi anayesafiri kwa treni, alileta habari: amemwona Mbombo sokoni Mwene-Ditu, kule Kasai, akiuza chumvi. Alhamisi hii Odile anarudi huko. Henriette anataka kumpelekea rafiki yake kitambaa chenye birika hilo, alilolichora kwa mkono wake mwenyewe. Kikombe kimekubali, kiatu kimekubali, hata taa ya mafuta. Birika ndilo linalomshinda.

"Nikiwa chini, iko muzuri. Nikifika juu, mukono inaanza kukumbuka."

Ngoy, baba wa binti yao Tatiana, anatoka ndani, anaokota mchoro, anaugeuza huku na huku.

"Mama Tatiana, hii birika ni ya nani? Ya hapa kwetu haina na kichwa."

"Tata Tatiana, niache."

Ngoy hamwachi. Anatumbukiza vidole vyake ndani ya birika na kuvichezesha. "Kama kifuniko iko, mukono yangu imepita wapi?"

Henriette anacheka mpaka anajifuta machozi. Kisha anachukua karatasi nyingine.

Safari hii jicho linafika ukingoni na kukaa pale, penye tundu jeusi, kwa muda mrefu. Inamuuma kupatazama. Kalamu inafuata ukingo, inashuka, inarudi ilikoanzia. Birika liko wazi, kama lilivyo.

Hashangilii. Anapapasa tu ile sehemu tupu kwa kidole.

Atalidarizi kabla ya Alhamisi, ila mwisho wa uzi hataukata. Atauacha ukining'inia pale ukingoni, pamoja na sindano yake.

"Kifuniko iko kwake," anasema. "Aiangalie, achore, ashone. Kisha kile kitambaa, arudishe ye mwenyewe. Odile asinibebee."