Aliyeng'oa Nyasi na Wachelewaji

Mwalimu wa walimu amekufa. Habari nimeipata mnadani Basotu, nabishana na mtu juu ya bei ya jogoo, simu ya binti yangu ikaita, akasikiliza, akanishika mkono. "Mama, yule kocha." Alikuwa amelazwa kwao Songea, kifua, na huko huko wamemzika. Huku kwetu Hanang hakuna hata mmoja aliyemtupia udongo. Jogoo nikamwacha. Ninyi mnaonisoma mnajua shule sikuingia, mimi nasema na binti yangu anaandika. Mnajua pia sina mtu nisiyemuigiza: padri, shehe, mwenyekiti wa kijiji, hata daktari aliyenitibu goti. Huyu nilimuigiza kuliko wote. Leo sauti yake ikinitoka mdomoni naiogopa.

Siku aliyofika mara ya kwanza nilikuwa pale pale ninapokaa, kwenye uzio wa shule na beseni langu la viazi vya kuchemsha. Akasimama mbele yangu, suruali ya pasi, tumbo limetangulia. "Shikamoo bibi." Marahaba, wewe nani? "Mimi ni kocha." Nikaliangalia tumbo. "Kocha wa mpira gani, baba?" Alicheka mpaka akashika uzio. Halafu akanieleza kwa ile sauti yake ya polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe: "Bibi... nawafundisha walimu... wasaidiane wao kwa wao. Waangalie ni mtoto gani anaachwa... wajaribu kitu kidogo... waone kama kimesaidia." Nikamwambia watu wa semina nimewaona wengi, wanashuka na mabegi, wanapanda na mabegi. Akanunua viazi, akala amesimama, akasema, "Basi utanihesabia mabegi, bibi."

Sasa shule yetu ilikuwa na utaratibu wake. Aliyechelewa haingii. Anabaki getini anang'oa nyasi mpaka kipindi cha kwanza kiishe, na kipindi cha kwanza ndicho cha kusoma. Wachelewaji walikuwa wale wale kila siku, watoto wa wafugaji wa upande wa ziwani, wanaokamua kwanza, wanatoa ng'ombe, ndipo waanze safari. Kati yao kuna mjukuu wa jirani yangu, binti mrefu, mkono wa kukamua umeshupaa kama wa mwanaume. Alikuwa darasa la tatu na jina lake hawezi kulisoma. Ukimgusia mwalimu mkuu anabana koo: "Bibi! Sheria ni moja kwa wote!" Basi asubuhi moja kocha alifika, hakuingia ofisini. Alipiga magoti getini na suruali yake ya pasi, akang'oa nyasi pamoja na watoto, dirishani wenzao wanasikika wanasoma hadithi ya sungura. Walimu wakatoka wameshika midomo. Hakufoka. Aliuliza tu, "Hawa... leo wamejifunza nini?" Akanyamaza. Jamani, yule mtu alijua kunyamaza! Mwalimu mkuu akakohoa, akatoa tena ile sheria yake ya wote. "Ndiyo, mkuu. Na asubuhi yao... nayo ni moja?" Akanyamaza tena. Aliyejibu ni mwalimu wa kike, mgeni kutoka Tanga, kwa sauti ndogo: "Wamejifunza kung'oa nyasi."

Kuanzia hapo huyo wa Tanga akawa mwanafunzi wake. Walikaa wote walimu, wakahamisha kusoma kukawa baada ya uji. Kumbe wameharibu! Wazazi waliposikia, wakasema nafasi imepatikana, ng'ombe wapelekwe mpaka malisho ya mbali. Watoto wakawa wanafika sufuria za uji zimeshaoshwa. Nilimcheka kocha mbele ya watu, nikampigia makofi. Yeye akafurahi kama nimempa zawadi. "Vizuri, bibi... sasa tumejua kitu. Tujaribu tena." Mtu mzima anafurahia kushindwa! Wakamfuata mwenye ng'ombe nyumbani, babu yake yule binti, naye akawawakia: "Mwalimu, ng'ombe hana saa! Wewe una kengele, mimi nina maziwa!" Kocha alimsukuma wa Tanga kwa kiwiko ili aulize yeye, na ndiyo ilikuwa kazi yake hasa, kumsukuma mwenzake aulize. "Babu, wewe unaona tufanyeje?" Chai ikapoa. Mwisho mzee mwenyewe akasema majirani wachanganye mifugo, kila nyumba itoe mtu mzima achunge kwa zamu. Binti akaanza kuwahi. Muda ukapita, siku moja akasimama mbele yangu, mikono inanuka maziwa, akanisomea maandishi ya gunia ninalokalia, herufi kwa herufi: mbolea. Miaka yote mimi najua ni la ngano.

Kinachonisumbua ni hiki. Kocha aliwaambia walimu nikiwepo, "Mkinihitaji mpaka mwisho... mimi nitakuwa nimeshindwa kazi." Alipoanza kuugua akawa haji. Hakuna aliyesimama akasema tuache. Kikao kimoja cha walimu kikaahirishwa kwa sababu ya mitihani, kingine kwa sababu ya mvua, kwa wazazi hakuna aliyekwenda tena, zamu ya ng'ombe ikalegea, nyumba moja ikajitoa, nyingine ikafuata. Mwalimu mkuu akakumbuka sheria yake. Na mimi nilijua kabla sijaambiwa, kwa kuangalia chini tu. Watoto walipokuwa wanawahi, nyasi za getini zilifika magotini, wageni wakawa wanasema shule hii chafu. Siku hizi getini panang'aa, hakuna hata unyasi.

Kesho yake baada ya mnada nilienda na beseni langu. Yule binti yupo chini, amepiga magoti, mrefu kuliko wenzake wote. Kapanda darasa, na maneno aliyoyapata kwa shida yanampotea moja moja. Aliyesimama juu yao na fimbo ni nani? Wa Tanga. Walimu wengine wawili wako mlangoni. Nikaweka beseni chini, nikatoa tumbo mbele, nikasema, "Hawa... leo wamejifunza nini?" Wakacheka, maana alikuwa kocha mwenyewe kabisa. Mimi nikipata kicheko huwa naongeza kingine, mnanijua. Safari hii nikafunga mdomo. Kicheko kikaisha, mimi kimya. Wa mlangoni wakaingia ndani. Wa Tanga akaangalia fimbo yake, akaangalia nyasi. "Bibi," akasema, "nilikuwa nasubiri arudi." Akaiweka fimbo juu ya uzio, akapiga magoti kando ya yule binti. Binti hakuinua macho, aliendelea kung'oa.

Wote tulikuwa tunamsubiri arudi, mimi na viazi vyangu, babu na ng'ombe zake. Mtu ametufundisha tufanye bila yeye, sisi tukakaa tukamngoja. Sauti yake si kitu, mnaona hata mimi ninayo. Kazi ni kuuliza, halafu usikimbilie kujibu, usubiri mpaka mwenzako aone aibu, atafute njia, akosee, ajaribu tena. Mimi kimya hicho nimekiweza asubuhi moja tu. Nitakwenda tena, sijui nitakiweza siku ngapi. Na wewe unayesoma, pita kwenye shule ya karibu na kwako asubuhi, kuna watoto nje ya geti. Hawa leo wamejifunza nini? Mimi nanyamaza.