Mama Analala Vizuri

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Daktari alipoahirisha upasuaji wa mama kwa mara ya pili, nilitoka chumbani kwake nikijua kuna kitu kinapikwa. Vali ya moyo upande wa kushoto ilikuwa imeharibika, hilo walishatuambia, na tiba yake ni kupasua kifua na kuweka nyingine. Sasa tunazungushwa kwa nini?

Daktari, kijana mpole kuliko ninavyopenda, alisema vali si tatizo pekee. Damu ikishindwa kupita pale husongamana kwenye mapafu. Presha ya mapafu hupanda, na upande wa kulia wa moyo huchoka kwa kusukuma. Mgonjwa wa namna hiyo akipasuliwa kabla hajaandaliwa, anaweza asitoke tena kwenye mashine ya kupumulia. Kipimo kilionyesha maji kwenye mapafu, lakini mama mwenyewe alisema analala vizuri na ngazi anapanda. Kwa kuwa maneno hayakulingana na kipimo, alitaka kipimo kirudiwe. Nikamwambia atilie shaka mashine zake, maana mama yangu hasemi uongo.

Tukarudi Chamwino ninakofanya kazi. Mama alikuwa amekuja kukaa kwangu kutoka Gulwe kwa ajili ya matibabu hayo. Huko shaka yangu ikahamia nyumbani. Kila asubuhi nilikuta mito ya makochi sebuleni imegeuzwa, na nikiigusa ina joto. Nilipomuuliza mama, alisema labda nasahau ninavyoipanga.

Nikaanza kumchunguza kama askari wa getini. Akienda dukani, nyumba chache tu kutoka kwangu, alisimama kila mlango kusalimia: habari za watoto, za mvua, za mbuzi wa jirani ambaye hajawahi kufuga mbuzi. Majirani walimsifu kwa utu wake. Mimi nilitazama mabega yake yakipanda na kushuka, na mkono mmoja ukiwa umeshika ukuta.

Alfajiri moja nilifungua mlango wake bila kubisha. Mama alikuwa amelala hali amekaa, mito yangu yote mgongoni, mdomo wazi. Nilidhani amekufa. Nilimwinamia mpaka niliposikia kifua chake kikikoroma.

Alipoamka nilimuuliza kwa nini alimdanganya daktari. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Sijamdanganya. Aliniuliza nalalaje, nikamwitikia. Mtu akikuuliza umeamkaje, utammwagia maradhi yako hapo hapo mlangoni?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Hata mwenye msiba husema salama kwanza, kisha ndipo hutaja aliyefariki. Daktari aliuliza, mama akaitikia, daktari akaandika na kumwita mgonjwa mwingine. Hawakuwahi kufika kwenye hiyo "kisha".

Tuliporudi hospitali nilimweleza daktari. Safari hii aliweka kalamu chini, akampa mama shikamoo, akauliza habari za Gulwe, za mtama na za treni, mpaka salamu zikaisha na chumba kikawa kimya. Nilitaka kusema kitu, akanizuia kwa kiganja.

"Silali, mwanangu," mama akamwambia. "Nikilala chali naona kama nazama."

Akalazwa. Walimpa dawa za kupunguza maji na za kutuliza mapigo yaliyokuwa yakirukaruka, na kifua chake kikawa kinasikilizwa asubuhi na jioni. Mwishowe daktari akasema mapafu yameruhusu. Hatari imepungua, alisema, ila haijaondoka. Nilimwamini, ingawa si kwa moyo wote.

Siku ya upasuaji walimsukuma kwenye kitanda hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Vizuri tu."

Nikashika chuma cha kitanda, nikamwomba muuguzi asubiri kidogo. Kisha nikaanza upya: habari za asubuhi, za wodini, za wagonjwa wenzake, za nyumbani Gulwe, za mtama. Mama aliziitikia zote bila haraka, nzuri, nzuri, salama. Zilipokwisha, tukanyamaza.

"Naogopa," akasema.

Hilo nililiamini lote. Nikaachia kitanda.