Uso Uliokwanguliwa

Bibi yangu, mama mzaa mama, alikuwa haogopi nyoka wala askari wa Mwingereza, lakini picha aliiogopa. Nyumbani kwetu Buguruni ilikuwapo moja tu. Baba, aliyekuwa kuli bandarini, alimpeleka mama mjini mwaka waliooana, kwenye duka la Mhindi mpiga picha. Mama akakaa kitini na kanga yake mpya, mikono magotini. Picha ikatundikwa chumbani, na kila adhana ilipolia bibi aliigeuza iangalie ukuta. Malaika wa rehema, alisema, hawaingii palipo na sura ya kiumbe.

Mama alifariki akimzaa mdogo wangu wa kike. Nilikuwa mtoto, lakini mkubwa wa kutosha kukumbuka kila kitu, au ndivyo nilivyoamini. Baada ya hitima bibi aliishusha ile picha, akachukua wembe, akaukwangua uso wa mama taratibu, kama mtu anayepaa samaki. Alikuwa analia.

"Simwachi mwanangu nusu duniani, nusu kaburini," alisema.

Baba alisimama mlangoni asiseme neno. Nilimchukia kwa kunyamaza kule kuliko nilivyomchukia bibi kwa wembe wake. Picha isiyo na uso haikuwa na dhambi tena, basi ikarudishwa ukutani, na hakuna aliyehangaika kuigeuza.

Mdogo wangu akakua akimjua mama kuwa ni kanga, mikono, na tundu jeupe. Alitafuta kila mahali uso wa kuweka pale. Akiona kivuli changu ukutani, anauliza kama cha mama kilikuwa hivyo. Akichungulia sura yake kwenye mtungi wa maji, anauliza. Akiota, anakuja kunisimulia habari za mwanamke aliyempa mgongo. Nami nilimjibu siku zote kwamba mama alikuwa mzuri.

"Mzuri vipi, dada?"

Mzuri tu. Nilidhani nafupisha kwa sababu inaniuma.

Alipoposwa, alisema haolewi mpaka amwone mama. Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilimshika mkono tukaenda mjini. Mpiga picha alikuwa mzee sasa. Tukamwamkia, tukamweleza shida yetu, akatikisa kichwa. Zamani, alisema, picha ilishikwa kwanza kwenye kioo, na vioo vilikuwa ghali. Alivichemsha, akavisugua vikatakata, akavitumia kufunikia picha za wateja wengine kwenye fremu. Kioo cha mama kilikuwa mahali fulani mjini, kitupu, mbele ya uso wa mtu tusiyemjua. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Siku ile msemo huo niliuchukia.

Tuliporudi mdogo wangu hakugusa chakula. Aliishusha picha ukutani, akaenda kuiweka mapajani mwa bibi.

"Bibi, wewe ndo uliyeutoa. Nirudishie."

Nilijua atafokewa. Bibi aliipapasa ile picha mpaka kidole chake kikafika palipokwanguliwa, kikatulia hapo.

"Mie niliukwangua kwenye karatasi, mjukuu wangu. Humu," akajigusa kifuani, "wembe haukufika. Kaa chini."

Akaanza. Paji pana. Nyusi zilizokaribia kukutana. Kovu dogo kidevuni, la kuanguka kwenye ukingo wa kisima alipokuwa mtoto. Jino la mbele lililompanda mwenzake, na jinsi alivyolificha kwa mkono kabla ya kucheka. Alisema polepole, bila kuruka kitu, na sauti haikumtetemeka. Mdogo wangu alifumba macho, machozi yakimtiririka, huku akitabasamu.

"Namwona," alisema. "Dada, si ndivyo alivyokuwa?"

Nikamjibu ndivyo. Nami nilikuwa nimefumba macho, nikijitahidi kulishika lile jino, kwa maana nilikuwa silijui. Miaka yote ile, kila nilipomkumbuka mama, nilichokiona kilikuwa kanga, mikono, na tundu jeupe.