Ramani ya wagonjwa ilivyotuhamishia kwenye ugonjwa, Kilombero miaka ya hamsini

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi ni mzee sasa, sina faida ya kuwadanganya mtandaoni. Haya yalitokea nyumbani kwetu, bonde la Kilombero, nikiwa mdogo.

Mwaka huo kuhara damu kulitandika watu vibaya. Watu wa afya wakaja Ifakara, kila mgonjwa anaulizwa anatoka wapi, wao wanapaka rangi kwenye ramani.

Kijiji chetu cha mwinuko kikawa chekundu kuliko vyote. Kule bondeni upande wa Mofu, yaliko mashamba yetu ya mpunga, kweupe pee.

Amri ikatoka: kisima cha kijiji kifungwe, kila familia ikakae shambani kwake bondeni mpaka ugonjwa uishe. Mama alimshukuru Mungu. Akatuchukua mimi na dada yangu Sesilia, tukahamia kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia mpunga. Maji tulichota madimbwini hapo hapo.

Haukupita muda Sesilia akaanza kuhara damu.

Tukamkimbiza Ifakara kwa mtumbwi. Mganga wa hospitali akauliza tunatoka wapi, mama akataja kijiji.

"Mama, si mlihama nyie?"

"Tulihama, bwana mganga. Tuko shamba tangu mlivyotuamuru."

"Sasa mbona unanitajia kijiji?"

Mama akamshangaa. "Ulitaka nikutajie dungu? Baba yangu kazikwa kijijini. Mtu gani anatoka shamba, hana ukoo?"

Vijana, hapa niwaeleze. Kwetu ukiulizwa unatoka wapi, unataja yaliko makaburi ya wazee wako. Ukitaja shamba unajidhalilisha.

Mganga akapita vitandani upya, sasa anauliza mtu alikuwa analala wapi alipoanza kuugua. Karibu wote, hata walioanza kuugua kabla ya ile amri, wakajibu shamba, walikokuwa wakilinda mpunga. Nilimwona anakaa sakafuni na koti lake jeupe, mtu mzima yule.

Yaani wakuu, ugonjwa ulikuwa bondeni muda wote! Walitutoa penye kisima kizuri wakatupeleka ulipo. Mpaka leo hasira bado ninazo.

Kisima kikafunguliwa, watu wakarudi kijijini, kuhara kukapungua. Sesilia tulimrudisha akiwa maiti.

Nilichojifunza: data ikiwa mbovu, ramani inapendeza tu macho, na anayeumia siyo aliyeichora.

Wenye fani ya afya na takwimu humu, naomba mnijibu bila siasa. Mgonjwa akija, mnamuuliza kwao ni wapi, au alikuwa wapi alipougua?