Ngao Tuliyoiita Lotika

Nyumba yetu ilinukia mbao zilizorandwa na gundi ya moto, maana Papa alikuwa seremala. Ilikuwa miaka ya hamsini, Kisangani, mji ambao Wazungu waliuita Stanleyville. Msimu mmoja wa mvua padri alimletea ngao ndefu ya mti iliyopasuka, aiunge. Ndugu yake huyo padri aliituma kutoka visiwa vya mbali sana, kwa Waasmat, watu wa mito na matope kama sisi. Ilimzidi Papa kimo, imejaa michongo iliyojikunja kama viwiko, imepakwa chokaa, udongo mwekundu na masizi.

"Kila ngao hupewa jina la marehemu," padri alieleza, "ili asisahauliwe."

Koko, mama yake Papa, alikuwa akimenya mihogo mlangoni. Kisu kikasimama. Mwanawe wa mwisho, tonton Lotika, baba yangu mdogo, alizama akirudi kutoka Yanonge, na mto haukumrudisha. Hatukuwa na kaburi la kupalilia. Tangu siku ile Koko akawa anaketi mbele ya ngao, anaipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge, anaipa habari: samaki wameadimika, fulani kaoa. "Lotika, leo mvua iko mingi." Mwanzoni Papa aliona haya, baadaye akawa anaichelewesha kazi makusudi. Mimi, binti mdogo, niliiamkia kila asubuhi.

Kisha padri akahamishwa, akaja kuichukua. Koko alipiga magoti kwenye maranda.

"Padri, huyu iko mutoto yangu. Usimubebe, pardon."

Padri aliiva uso. "Mama, nimekwisha kuliahidi jumba la makumbusho la Ulaya. Si yangu tena."

Mwenye nguvu mpishe, wazee walisema. Papa aliagizwa kuunda sanduku, akaliunda. Alipopigilia msumari wa mwisho, Koko aliuliza tu, "Umemulaza muzuri?"

"Ndiyo, mama. Nimemutandikia maranda."

Nililishika sanduku kwa mikono miwili mpaka wapagazi waliponibandua.

Leo wajukuu wangu huwatunza marehemu wao ndani ya simu, kwenye video, bado wakicheka, wakicheza. Huniuliza tonton Lotika alifanana na nani. Hatukuwa na picha. Nikifumba macho kumtafuta, naona chokaa na udongo mwekundu: marehemu wa watu wengine, ambao huenda nao wanamtafuta mpaka sasa.