Masikio ya Sista Roswitha

Kijiji chetu kimebanwa kwenye mteremko, nyumba za chini kando ya kijito, za juu kabisa kwenye ukingo wa msitu, na katikati inapita barabara moja ya mawe. Kwa miaka ishirini na moja Sista Roswitha Uhlig aliipanda barabara ile kila asubuhi isipokuwa Jumapili, juu ya pikipiki ndogo ya serikali tuliyoiita Mbayuwayu, mkoba wa dawa umefungwa nyuma kwa mkanda. Alikuwa muuguzi wa vijiji vitatu. Daktari alikuja Alhamisi tu.

Mbayuwayu ilikuwa na gia tatu, na kila aliyeiendesha alibadilisha kwa sikio. Injini hizi zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili zina sauti nyembamba. Ukiongeza mafuta zinaanza kuimba, na wimbo unapokaribia kuwa kilio ndipo unabana klachi na kupandisha gia. Ukiwahi, inakohoa na kukuzimikia mlimani. Ukichelewa, unaiumiza bure. Sista hakuwahi wala hakuchelewa. Sisi tuliokuwa majumbani tulimfuata kwa sauti tu: gia ya kwanza darajani, ya pili mbele ya duka la mkate, ya tatu kanisani ambapo njia inalala, kisha anashusha tena ya pili kabla hajauanza mwinuko wa msituni, kamwe si akiwa katikati yake. Wagonjwa walijua amefika wapi, wakafungua mlango kabla hajabisha.

Vuli ya mwaka 1987 alipita duka la mkate bila kubadilisha. Injini ikalia mpaka kanisani. Gudrun, mwenye duka, akavuka barabara na unga wake mikononi hadi karakanani kwangu.

"Reiner! Nani anachinja nguruwe barabarani?"

"Ni Sista."

"Sista gani? Huyu wetu?"

"Labda ana haraka."

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Baada ya wiki mbili kijiji kizima kilikuwa kimeelewa, na hakuna aliyesema. Huku kwetu mtu haambiwi upungufu wake. Unangoja autaje mwenyewe, na kungoja huko tunakuita heshima.

Akaja kwangu yeye, anaisukuma Mbayuwayu.

"Imepoteza sauti. Umeifanyaje mara ya mwisho, wewe?"

Niliipanda hadi msituni na kurudi. Ilikuwa nzima, inaimba kama siku iliyonunuliwa. Nikashuka na uongo tayari mdomoni.

"Kabureta," nikasema.

"Nini?"

"Kabureta!"

"Usinipigie kelele, mimi si bibi yako." Akacheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye midomo yangu.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, hana mume wala mtoto, na alibakiza miaka minne apumzishwe. Wilayani wangejua, wangempa meza na kadi za chanjo za kupanga, na mizunguko yake ingekwisha. Nje ya mizunguko ile hakuwa na asubuhi nyingine. Basi nikachukua rangi nyekundu, nikatia nukta mbili kwenye kioo cha spidi, moja kwenye kumi na nane, moja kwenye thelathini na tano.

"Hizi za nini?"

"Mshale ukifika hapa, gia ya pili. Ukifika hapa, ya tatu. Mafundi wa siku hizi ndivyo wanavyofundisha."

Akaziangalia kwa muda mrefu. "Ahsante, bwana fundi," akasema polepole, na nikajua kwamba amejua.

Asubuhi iliyofuata gia ya pili iliingia mbele ya duka la mkate, pale pale pa zamani. Gudrun akaniletea keki nusu sinia. Majira yote ya baridi nilitembea nikijiona mtu mwema.

Mwezi wa pili baba yangu, Arno, akapata mafua. Alikuwa amechimba madini miaka thelathini, na kukohoa kwake kulikuwa sehemu ya nyumba yetu kama saa ya ukutani. Sista akaja Ijumaa. Akamwinamisha, akaweka kipimo cha kusikilizia mapafu mgongoni.

"Vuta pumzi, Arno. Tena. Tena."

Nilisimama mlangoni na taulo. Nilijua hasikii kitu. Duka la mkate lilikuwa na simu, na daktari angeweza kuitwa kutoka mjini. Lakini kusema "tumwite daktari" kulikuwa kusema yote, mbele ya mgonjwa wake, naye amepiga magoti sakafuni. Nikafunga mdomo.

"Vumbi lile lile la zamani," akasema. "Chai ya moto, na asitoke nje."

"Umesikia, Reiner?" baba akasema. "Kifua safi kama soksi mpya. Lete bia."

Jumatatu gari la wagonjwa lilimchukua. Nimonia, mapafu yote mawili. Daktari wa zamu, kijana mdogo, aliniambia kwamba mtu yeyote mwenye masikio angeisikia siku tatu nyuma. Jumatano baba akafa.

Baada ya maziko Sista akaja karakanani kwa miguu.

"Daktari kasema nini? Sema taratibu, nikuone."

Nikamwambia.

"Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu vuli."

"Na Gudrun?"

"Kijiji kizima."

Akakaa juu ya tairi. "Ungeniambia siku ile ya kabureta, ningekuchukia mwaka mzima."

"Najua."

"Ningekuchukia, na Arno angekuwa hai anatudai bia." Akafuta uso kwa kiganja. "Hata mimi nilijua. Nilisema, masikio ya pikipiki ni mengine, ya kifua ni mengine. Usilibebe peke yako."

Kesho yake alinitaka nimpeleke wilayani kwa Mbayuwayu. Alikaa nyuma, mkoba mapajani. Kwenye mwinuko mrefu mawazo yalinipeleka mbali, nikabaki gia ya tatu mpaka injini ikaanza kutetemeka chini yetu. Ngumi yake ikanigonga mgongoni.

"Shusha! Unaiua!"

Nikashusha. Alikuwa ameisikia kwa mifupa.

Aliingia ofisini, nikangoja nje kwenye theluji chafu karibu nusu saa. Alitoka bila mkoba.

"Wamesemaje?" nikamuuliza, nikitengeneza kila neno kwa midomo.

"Sijui," akasema, kwa sauti kubwa mno, watu wawili njiani wakageuka. "Sikuwatazama. Nilikuwa naongea mimi."

Akapanda nyuma yangu. Nikapiga kiki.